Leseni ya Mzee: Upimwe Umri au Yapimwe Macho?

Leseni ya udereva ni kibali ambacho dola humpa mtu baada ya kuridhika kwamba ana maarifa, ujuzi na afya ya kutosha kuendesha chombo cha moto katika barabara inayotumiwa na watu wengine. Maarifa na ujuzi hupimwa mwanzoni, na kwa kawaida huongezeka kadiri dereva anavyozidi kukaa nyuma ya usukani. Afya, ambayo ndiyo nguzo ya tatu ya kibali hicho, huanza kupungua katika umri uleule ambao dereva huhesabiwa kuwa mzoefu kuliko wote. Kwa hiyo kila nchi yenye magari hufika mahali ikalazimika kuamua kama leseni aliyopewa kijana wa miaka 20 iendelee kuaminiwa bila swali anapofikisha miaka 70, na kama swali liulizwe, liulizwe kwa njia gani ili barabara iwe salama bila mzee kudhalilishwa.

Kata ya Bweri, katika Manispaa ya Musoma, inafaa kuwa mahali pa kulitazamia suala hili, kwa kuwa hapo ndipo kilipo kituo kikuu cha mabasi cha mji, na ndipo zinapokutana aina zote za madereva wa mkoa wa Mara. Mabasi ya masafa marefu huanza hapo safari za Mwanza na Dar es Salaam. Magari madogo yanayoitwa michomoko hubeba abiria wa Bunda, Butiama na Tarime. Bodaboda hupenya katikati yao. Na kandokando ya hao wote hupita magari binafsi ya walimu, wauguzi, watumishi wa serikali na wafanyabiashara, ambao wengi wao walinunua gari wakiwa wameshavuka nusu ya umri wao na wanaendelea kuliendesha baada ya kustaafu. Mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu wa umri huo kuwa mzee; lakini kustaafu kazi si kustaafu usukani, na mara nyingi ndiyo kwanza safari za shambani, kanisani, msikitini, hospitalini na misibani zinaongezeka.

Sheria inavyosema

Katika Tanzania Bara udereva husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Anayetaka kuendesha gari hana budi awe ametimiza miaka 18, apate kwanza leseni ya kujifunzia, asome katika chuo cha udereva kinachotambuliwa, kisha apimwe na askari wa usalama barabarani, ambaye akiridhika humpa cheti cha umahiri. Na ni kwa cheti hicho ndipo Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, humchukua picha na alama za vidole na kumchapia leseni. Leseni hugawanywa kwa madaraja yanayoonyesha chombo anachoruhusiwa mtu kuendesha: daraja A na matawi yake ni la pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu, B na D ni ya magari ya kawaida, C na matawi yake ni ya magari ya abiria, na E ni la magari makubwa ya mizigo.

Leseni ina muda wa kuisha, na muda huo ndio unaobeba uzito wa makala haya. Hadi katikati ya mwaka 2019 leseni ilidumu miaka mitatu kwa ada ya shilingi 40,000. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2019/20 muda ukaongezwa kuwa miaka mitano na ada ikapandishwa kuwa shilingi 70,000. Wananchi wengi waliyapima mabadiliko hayo kwa mizani ya fedha na usumbufu, wakaona kwamba mwenye leseni atapanga foleni mara chache zaidi na gharama ya kila mwaka itakuwa karibu ileile, jambo ambalo ni kweli. Lililozungumzwa kidogo ni kwamba siku ya kuhuisha leseni ndiyo siku pekee ambayo dola humwona dereva uso kwa uso bila dereva huyo kuwa amekosa, na kwamba kuisogeza siku hiyo kutoka miaka mitatu hadi mitano hakuna athari kubwa kwa mtu wa miaka 30, ilhali kwa mtu wa miaka 68 kunaacha mwanya unaoweza kutosha jicho moja kupoteza nuru.

Kwa dereva wa gari binafsi, kuhuisha leseni ni suala la uhakiki wa kumbukumbu zake na malipo, na hakumrudishi barabarani kufanya mtihani mpya kwa sababu tu ya umri wake. Madereva wa kibiashara wana ngazi ya ziada: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, huwapa madereva hao mtihani wa kuthibitishwa unaofanywa kwa kompyuta, na mabasi ya masafa marefu hufungwa mfumo wa kufuatilia mwendo ambao humtambua dereva kwa kitufe chake maalumu. Hata hivyo, mtihani wa kompyuta hupima kile dereva anachokijua kuhusu sheria na alama, nacho ndicho kitu ambacho dereva mkongwe hukosea kwa nadra; macho, masikio na shingo yake havimo katika maswali hayo.

Mwili unavyobadilika

Udereva ni kazi ya macho kabla haijawa kazi ya mikono na miguu, na jicho huzeeka kwa utaratibu ambao hauumi, hivyo mwenyewe huwa wa mwisho kutambua. Mboni hupungua uwezo wa kutanuka gizani na lenzi hupoteza uangavu wake, kiasi kwamba nuru inayofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni takriban theluthi moja ya ile inayofika katika jicho la kijana wa miaka 20. Juu ya mabadiliko hayo ya kawaida huja maradhi matatu yanayojulikana sana katika kliniki za macho: mtoto wa jicho, ambao ni ukungu unaotanda kwenye lenzi na kutawanya mwanga wa taa za gari linalokuja, glakoma, inayojulikana pia kama presha ya macho, ambayo hula uoni wa pembeni taratibu huku ule wa katikati ukibaki mzima, hata mgonjwa akaweza kusoma gazeti lakini asimwone mtoto anayetoka kando ya barabara, na madhara ya kisukari kwenye mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho.

Baada ya macho hufuata mwitiko, yaani muda unaopita kati ya kuona hatari na mguu kukanyaga breki. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwa mabasi na magari makubwa nchini Tanzania, husafiri mita 22 kwa kila sekunde, na hivyo dereva anayechelewa kwa nusu sekunde tu huwa ameshakula mita 11 za barabara kabla breki haijaanza kufanya kazi. Shingo iliyokakamaa humzuia dereva kugeuka na kutazama pikipiki iliyo ubavuni. Goti lenye maumivu huchelewa kuhama kutoka mafuta kwenda breki. Na dawa ambazo wazee wengi hutumia, zikiwemo baadhi ya dawa za presha, za usingizi na hata vidonge vya mafua na mzio kama Piritoni, huweza kuleta kizunguzungu au usingizi ambao mwenyewe huudhania kuwa uchovu wa kawaida. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini naye anaweza kushukiwa na sukari ghafla akiwa njiani na kuchanganyikiwa kabla hajapata nafasi ya kuegesha.

Mabadiliko hayo hukutana na mazingira halisi ya barabara za Mara. Anayetoka Butiama au Bunda kwenda Musoma alasiri, akipita Makutano na kuingia mjini kupitia Bweri, huwa na jua la magharibi mbele ya kioo katika muda uleule ambao wanafunzi wanarejea nyumbani, mifugo inavushwa na bodaboda zinawahi abiria wa mwisho. Na jua likishazama, barabara ileile huwa na taa kali za mabasi na watembea kwa miguu waliovaa nguo zisizoonekana gizani. Kuanzia Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, uamuzi uliopokewa vizuri na abiria na wafanyabiashara, lakini ambao pia umeongeza saa ambazo uoni wa usiku wa dereva, awe kijana au mzee, ndio kinga ya kwanza ya watu anaowabeba.

Mzee si dereva mbaya

Itakuwa ni kosa kuhitimisha kutokana na hayo kwamba dereva mzee ndiye tishio kubwa la barabarani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Ajali ya mabasi mawili iliyotokea Septemba 2014 katika eneo la Sabasaba, wilayani Butiama, na kuua zaidi ya watu 30, imebaki katika kumbukumbu za wakazi wa Mara, nayo haikuwa ajali ya uzee. Katika nchi zenye takwimu za kina, madereva wazee huonekana kulewa mara chache zaidi, kukimbiza gari mara chache zaidi na kufunga mkanda mara nyingi zaidi kuliko vijana. Wengi wao hujiwekea mipaka wenyewe, wakaacha kuendesha usiku, wakati wa mvua au katika miji mikubwa.

Hatari yao ni ya aina nyingine. Ajali za madereva wazee hutokea zaidi kwenye makutano ya barabara, hasa pale dereva anapolazimika kukata upande wa magari yanayokuja na kukadiria kwa pamoja kasi, umbali na nafasi. Na idadi ya vifo kwa kila kilomita inayoendeshwa, ambayo hushuka baada ya ujana, huanza kupanda tena katika umri wa miaka 70 na kuendelea. Hata hivyo, sehemu ya kupanda huko hutokana na udhaifu wa mifupa na mishipa ya dereva mwenyewe, kwa kuwa mgongano ambao kijana angetoka nao na michubuko unaweza kumuua mtu wa miaka 80. Kwa maneno mengine, mara nyingi mtu anayehatarishwa zaidi na udereva wa mzee ni mzee mwenyewe.

Nchi nyingine zilivyojibu

Nchi mbalimbali zimejibu swali hili kwa njia zinazotofautiana sana. Uingereza humwachia dereva leseni yake hadi miaka 70, kisha humtaka aihuishe kila baada ya miaka mitatu kwa kutangaza mwenyewe kwamba afya yake inamruhusu, bila mtihani wa barabarani. Kwa madereva wa mabasi na malori, hata hivyo, nchi hiyohiyo hudai cheti cha daktari kila baada ya miaka mitano kuanzia umri wa miaka 45, na kila mwaka kuanzia miaka 65. Udhaifu wa kutegemea tamko la mtu mwenyewe ulijadiliwa sana Januari 2019, wakati Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, alipopata ajali karibu na Sandringham akiwa na miaka 97; mwezi uliofuata aliirudisha leseni yake kwa hiari.

Italia hufupisha muda wa leseni hatua kwa hatua: miaka kumi kwa walio chini ya 50, mitano hadi 70, mitatu hadi 80, na miwili baada ya hapo, na kila mara daktari huhusika. Japani, ambayo ni miongoni mwa nchi zenye wazee wengi zaidi duniani, huwataka madereva kuanzia miaka 70 wahudhurie somo maalumu, na kuanzia miaka 75 wapimwe kumbukumbu na utambuzi. Baada ya ajali ya Aprili 2019 katika mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo, ambapo dereva wa miaka 87 aliua mama na mtoto wake, takriban watu 600,000 walirudisha leseni zao kwa hiari mwaka huo, na tangu Mei 2022 dereva wa miaka 75 au zaidi mwenye rekodi ya makosa fulani hulazimika kufanya mtihani wa kuendesha. Jimbo la Illinois nchini Marekani lilikwenda mbali zaidi kwa kuwarudisha barabarani madereva wote kuanzia miaka 79, lakini sheria iliyosainiwa mwaka 2025 ikausogeza umri huo hadi 87 kuanzia Julai 2026, baada ya hoja kwamba wazee walikuwa wanabaguliwa bila sababu ya kutosha.

Fundisho zito zaidi linatoka Ulaya ya kaskazini. Watafiti waliolinganisha Ufini, iliyokuwa inawapima madereva kwa sababu ya umri, na Uswidi, ambayo haikuwa na sharti hilo, hawakuona kwamba Ufini ilikuwa na ajali chache zaidi za madereva wazee. Walichokiona ni vifo vingi zaidi vya wazee watembeao kwa miguu. Denmark nayo ilianzisha kipimo cha utambuzi kwa madereva kuanzia miaka 70, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 ukakuta matokeo yanayofanana na hayo: usalama wa madereva wazee haukuongezeka, ilhali vifo vya wazee waliokuwa wakitembea au kuendesha baiskeli viliongezeka. Maelezo yanayokubalika ni kwamba vipimo vya jumla viliwatoa barabarani watu ambao bado waliweza kuendesha, wakahamia katika njia za usafiri ambazo kwa mwili wa mzee ni hatari zaidi kuliko gari. Mwaka 2017 Denmark ililifuta sharti la kwenda kwa daktari kwa sababu ya umri.

Katika Bweri fundisho hilo lina uzito wa pekee. Mzee anayenyang'anywa leseni Denmark hupanda basi la jiji lenye ngazi ya chini na kituo chenye kivuli. Mzee wa Bweri anayeacha gari atabaki na bodaboda, au na mchomoko uliojaza abiria kupita kiasi, au na kutembea pembezoni mwa barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Sheria inayomtoa nyuma ya usukani bila kufikiri atapanda nini haitakuwa imepunguza hatari, bali itakuwa imeihamisha kutoka kwenye kiti cha dereva na kuipakia nyuma ya pikipiki.

Kipimo kinachofaa

Kutokana na ushahidi huo, njia inayofaa Tanzania inaonekana kuwa ile inayopima uwezo mahususi unaoweza kutibiwa, badala ya kuhesabu miaka. Kipimo cha macho ndicho cha kwanza, kwa kuwa ni cha haraka, hakihitaji mashine za gharama, na kiwango chake kinaeleweka: nchi nyingi hutaka dereva awe na uoni wa angalau 6/12, maana yake aweze kusoma akiwa mita 6 kile ambacho mtu mwenye macho mazima angekisoma akiwa mita 12. Kipimo cha namna hiyo kikiunganishwa na kuhuisha leseni kwa watu wa rika zote, hakuna atakayeona amebaguliwa, na madereva vijana wasiojua kwamba wanahitaji miwani watagunduliwa pia.

Faida yake kubwa ni kwamba anayeshindwa kipimo hicho mara nyingi hahitaji kupoteza leseni, bali kutibiwa. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Alabama nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba madereva wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipata ajali kwa kiwango cha takriban nusu ya wale waliobaki bila upasuaji. Upasuaji huo hufanyika Tanzania, ikiwemo katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza.

Jambo la pili ni kufupisha muda wa leseni badala ya kuifuta. Kuwarudishia madereva waliofikisha miaka 70 muda wa zamani wa miaka mitatu, kwa ada iliyopunguzwa kwa uwiano huo, kungeirejesha siku ya kuonana na dola katika umri unaoihitaji, bila kuongeza mzigo kwa mstaafu anayetegemea pensheni. Jambo la tatu ni leseni yenye masharti, ambayo nchi za Umoja wa Ulaya huitumia kwa kuchapa namba maalumu kwenye kadi: kuna namba inayomaanisha dereva lazima avae miwani, nyingine kwamba aendeshe mchana tu, na nyingine kwamba asiende mbali na nyumbani zaidi ya kilomita fulani. Kwa mkulima wa Butiama anayehitaji gari ili kufikisha mazao sokoni asubuhi, sharti la mchana peke yake linaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuendelea kujitegemea na kukaa akisubiri watoto. Kwa madereva wa madaraja C na E, wanaobeba roho za wengine, uchunguzi unastahili kuwa mkali na wa mara kwa mara zaidi, na usisubiri uzee.

Lakini sheria, hata ikiwa nzuri kiasi gani, humfikia dereva mara moja baada ya miaka kadhaa, wakati familia humwona kila siku. Katika nyumba nyingi za Mara si rahisi kijana kumwambia baba au babu yake kwamba hafai tena kuendesha, na funguo zikichukuliwa kwa hila, heshima huvunjika na mzee hukasirika kwa haki. Yako mambo mepesi zaidi ya kuanzia: kumsindikiza kliniki ya macho, kumwuliza daktari mbele yake kama dawa anazotumia zinaruhusu kuendesha, kujitolea kushika usukani safari za usiku, na kuchunguza bila kelele mikwaruzo mipya kwenye bampa, kupotea katika njia aliyoizoea, au kushtushwa mara kwa mara na pikipiki ambazo wengine waliziona mapema. Nao wazee wanaosoma makala haya wana nafasi ya kutangulia wenyewe kabla hawajaambiwa. Yeyote aliyevuka miaka 60 na ambaye hajapimwa macho ndani ya miaka miwili iliyopita aende akapimwe mwezi huu, hata kama leseni yake haijakaribia kuisha, kwa sababu tarehe iliyochapwa kwenye kadi hueleza mwisho wa malipo, na haielezi chochote kuhusu uwezo wa macho ya mwenye kadi.